Tofauti ya Madaraka na Uhuru

Wako watu wadhanio kwamba Siku ya Madaraka na Siku ya Uhuru ni jambo moja linaloadhimishwa mara mbili. Sivyo. Baina ya siku hizo mbili ilipita miezi zaidi ya sita ya mwaka 1963, na katika muda huo Kenya ilikuwa na serikali yake, lakini ilikuwa haijawa dola.

Njia ya kufika hapo ilipandwa ngazi kwa ngazi. Mwezi wa Machi, 1957, Waafrika walichagua kwa kura wajumbe wao 8 wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Kura hizo hazikuwa sawa: mwenye elimu, mali au utumishi wa miaka mingi aliweza kupewa hata kura 3, na asiye na sifa zilizotakiwa hakupiga kabisa. Katika uchaguzi wa Mei, 1963, hakuna aliyepewa kura nyingi kuliko mwenziwe.

Tarehe 1 Juni, 1963, Bw. Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Yeye na mawaziri wake walishika mambo ambayo wananchi huyaona kila siku: mashamba, shule, hospitali na barabara. Lakini Gavana, Bw. Malcolm MacDonald, alibakiwa na mambo matatu: ulinzi, uhusiano na nchi za nje, na neno la mwisho juu ya usalama wa ndani. Kenya ilikuwa kama mrithi aliyekwisha kuanza kulima shamba lake, ilhali hati ingali sandukuni mwa msimamizi.

Tarehe 12 Desemba hati ilitoka sandukuni. Lakini tarehe 24 Januari, 1964, wiki sita tu baadaye, askari wa kambi ya Lanet, karibu na Nakuru, waliasi. Walilalamikia mishahara, tena walichukizwa kwamba maofisa wengi walikuwa bado Waingereza. Serikali ililazimika kuyatumia majeshi ya Uingereza yaliyokuwa hayajaondoka nchini.

Yafaa kuona sababu. Shule na kilimo vilikwisha kuongozwa na mawaziri waliotokana na kura kabla ya uhuru. Jeshi lilikaa chini ya Gavana mpaka usiku ule wa kupandisha bendera. Jambo linalozuiliwa hadi siku ya mwisho hupokewa na mikono isiyolizoea. Kwa hiyo atakaye kupima matayarisho ya nchi yoyote asihesabu tu yale iliyokabidhiwa mapema. Na aulize pia yaliyocheleweshwa.