MINARA YA WATTS: JENGO, SANAA NA SUALA LA KUITA VITU KWA MAJINA

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi, mwanafunzi huzoeshwa kuanza na mtunzi: alizaliwa wapi, aliishi katika mazingira gani, alinuia kusema nini. Baada ya hapo ndipo fani na maudhui hujadiliwa. Utaratibu huu una manufaa yake, ila umejengwa juu ya sharti moja ambalo aghalabu halitajwi, yaani kwamba kazi inayohakikiwa imekwisha kukubaliwa kuwa ni kazi ya sanaa. Hakuna anayeingia darasani kuuliza iwapo tamthilia iliyo mezani ni tamthilia. Je, hali huwaje pale ambapo kitu kikubwa na cha kustaajabisha kinakutwa mtaani, hakina maandishi ya kukieleza, na aliyekiunda ameondoka bila kuaga?

Makala hii inachunguza kisa kimoja cha aina hiyo: minara iliyojengwa katika mtaa wa Watts, kusini mwa jiji la Los Angeles nchini Marekani, kati ya mwaka 1921 na 1954. Tutajaribu kuonyesha kwamba mgogoro uliozuka kuihusu ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, mgogoro wa msamiati.

Walichokiona wapita njia

Watts ulikuwa mtaa wa watu wa kipato cha chini, wenye nyumba ndogondogo, Wamexico, Waafrika-Wamarekani na wazungu wakiishi jirani kwa jirani. Reli ilipita karibu. Abiria aliyechungulia dirishani aliona, juu ya mapaa hayo mafupi, vilele vyembamba vilivyofumwa kama wavu na kumetameta juani. Havikuwa kanisa wala kiwanda. Pasipo maelezo, watu walijitungia yao. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ulizagaa uvumi kwamba ile ilikuwa mitambo ya kupelekea adui habari. Uvumi huo tusiubeze upesi. Ulikuwa ndio uhakiki wa kwanza wa kazi hii, nao ulifanya kila uhakiki ufanyalo, yaani kukitafutia kitu kigeni nafasi miongoni mwa vitu vinavyojulikana.

Mjenzi alikuwa Sabato Rodia, aliyejulikana zaidi kwa jina la Simon, mhamiaji kutoka kusini mwa Italia. Alikuwa kibarua wa ujenzi na fundi wa kupachika vigae. Mwaka 1921 alinunua kiwanja chenye umbo la pembetatu katika barabara ya 107, akaanza kujenga baada ya saa za kazi na siku za mapumziko. Aliendelea hivyo kwa miaka 33, peke yake. Mwaka 1954, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alimwachia jirani mahali pale, akahamia Martinez, mji ulio kaskazini mwa jimbo la California, asirudi tena. Alipoulizwa baadaye sababu za kujenga, majibu yake yalibadilikabadilika. Lililojirudia ni kwamba alitaka kufanya jambo kubwa, na akalifanya. Kwa mhakiki anayetegemea dhamira ya mtunzi, hapo pana ukame.

Fani

Kwa jumla kuna miundo 17 ndani ya ukuta mmoja, na mnara mrefu zaidi unafikia takriban mita 30. Mifupa yake ni nondo. Rodia alizipinda kwa kuzikaza kwenye reli ya garimoshi, akaziunga kwa kuzifunga waya na wavu wa waya, kisha akazikandika saruji. Hakuchomelea, wala hakutumia skrubu au ribiti. Hakuwa na jukwaa la ujenzi wala winchi: alipanda juu ya kile alichokwisha kukijenga, kiunoni amejifunga mshipi wa wasafisha madirisha, mkononi ndoo ya saruji. Kila pete ya mnara ni mapambo na papo hapo ni ngazi ya kufikia pete inayofuata. Hapa ule mgawanyo tuliouzoea, wa umbo upande huu na kazi ya umbo upande ule, unakosa mashiko.

Saruji ilipokuwa bado mbichi, alipachika ndani yake vipande vya sahani na vikombe, vigae vya sakafuni, magamba ya kome, vioo, na vipande vya chupa za soda za rangi ya kijani. Pengine hakupachika kitu bali aligandamiza na kuacha alama: nyundo zake, magunzi ya mahindi, viganja vya mikono.

Msomaji mwenye jicho la kileksika atagundua jambo hapa. Neno letu kigae lina maana ya kipande cha chungu kilichovunjika, na pia kigae kizima cha kuezekea paa au kutandaza sakafuni. Lugha nyingi hutenga vitu hivi viwili, taka upande mmoja na bidhaa upande wa pili. Kiswahili hakitengi, na Rodia naye hakutenga. Mchana alilipwa kwa kupachika vigae vya maana hii, jioni akapachika vya maana ile bila malipo.

Mbinu yenyewe si ngeni kwa mtu wa pwani. Kaburi la nguzo la Mambrui, kaskazini mwa Malindi, lilipambwa kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye lipu, vivyo hivyo makaburi ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam. Hatudai kwamba pana uhusiano wa kihistoria; haupo. Tunalinganisha ili tofauti ionekane. Pwani, chombo kilipachikwa kwa kuwa kilikuwa cha thamani na kilitangaza hadhi ya marehemu. Watts, kilipachikwa kwa kuwa kilikwisha kutupwa.

Neno mnara nalo halikai sawasawa. Asili yake ni Kiarabu, mahali pa nuru, na katika Kiswahili mnara huwa na kazi: mnara wa msikiti huadhiniwa, mnara wa bandarini huongoza vyombo, mnara wa simu husafirisha sauti, mnara wa ukumbusho huhifadhi jina. Minara ya Rodia haina hata moja kati ya kazi hizo. Tunaiita minara kwa sababu ya umbo pekee.

Jengo au sanaa?

Maafisa wa ujenzi wa jiji hawakuwa na shaka yoyote ya kileksika. Kwao, hili lilikuwa jengo, tena jengo lisilo na kibali na la hatari. Mwaka 1957 ilitolewa amri libomolewe. Mwaka 1959 vijana wawili wa tasnia ya filamu, William Cartwright na Nicholas King, walinunua kiwanja kwa dola 3,000 wakikusudia kuihifadhi minara, na walipokwenda kuomba kibali cha kujenga nyumba ya mlinzi ndipo wakaambiwa kwamba amri ya kubomoa ipo. Zikaanza kampeni. Watetezi, wakiwemo wasanii na wasomi wa nchi mbalimbali, walisema hii ni sanaa. Jiji lilijibu kwamba ni jengo. Pande zote mbili zilisema kweli, na ndiyo maana hazikuelewana.

Aliyelikwamua suala ni mhandisi Bud Goldstone, aliyefanya kazi katika sekta ya ndege na roketi. Alipendekeza mnara mrefu ufungwe nyaya na kuvutwa kwa upande kwa nguvu ya ratili 10,000, sawa na takriban kilo 4,500. Ukianguka, jiji limeshinda. Tarehe 10 Oktoba 1959, mbele ya umati wa watu na waandishi wa habari, jaribio lilifanyika. Mnara ulisimama. Kilichoanza kupinda ni chuma cha mtambo wa kuvutia, na jaribio likasitishwa.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa sanaa. Kwa maoni yetu, haukuwa ushindi wa sanaa hata kidogo. Minara iliponea kwa kufaulu mtihani wa jengo. Laiti ungekuwa mzuri zaidi lakini dhaifu zaidi, mnara ungeanguka siku ile na neno sanaa lisingeuzuia. Ilibidi miaka 31 zaidi ipite, hadi 1990, ndipo serikali kuu ya Marekani ikaupa mkusanyiko huo hadhi ya alama ya kihistoria ya kitaifa.

Jina lisilotafsirika

Rodia hakuiita kazi yake minara. Aliandika kwenye saruji maneno mawili ya Kihispania, Nuestro Pueblo. Kihispania hakikuwa lugha yake ya mama bali lugha ya majirani zake wengi. Nuestro ni -etu. Pueblo ni mji au kijiji, lakini pia ni watu, umma. Mfasiri wa Kiswahili anapewa msaada wa nusu njia: "mji wetu" na "watu wetu" vyote huchukua wetu, kwa hiyo kivumishi hakimlazimishi lolote. Nomino ndiyo inayomlazimisha kuchagua. Sisi tungependelea "Mji Wetu", kwa kuwa kuta, meli ya saruji na vilele vile vina sura ya mji mdogo, na kwa kuwa hakuna sanamu hata moja ya binadamu ndani yake.

Hata hivyo, upo ushahidi wa upande wa pili. Rodia alifariki mwezi Julai 1965. Wiki chache baadaye, kuanzia tarehe 11 Agosti, ghasia zilizochochewa na dhuluma za kibaguzi na za polisi zilizuka Watts kwa muda wa siku sita. Watu 34 walipoteza maisha na majengo mengi yakateketezwa. Minara haikuguswa. Msanii Noah Purifoy, mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha sanaa kilicho kando yake, aliokota na wenzake mabaki ya moto ule, mbao zilizoungua na taa za matangazo zilizoyeyuka, wakaunda maonyesho yaliyozunguka sehemu mbalimbali za Marekani kuanzia mwaka 1966. Anayetaka kuandika "Watu Wetu" ana pa kuegemea.