TSHIBUMBA KANDA-MATULU: MCHORAJI ALIYETAKA KUITWA MWANAHISTORIA

Utangulizi

Jina la Tshibumba Kanda-Matulu ni nadra kutajwa katika madarasa ya Kiswahili nchini Kenya, ilhali kazi yake kuu ni simulizi pana la historia lililotolewa kwa Kiswahili. Mchoraji huyu alizaliwa mwaka wa 1947 mjini Elisabethville, mji ambao leo huitwa Lubumbashi, katika eneo la Katanga nchini Kongo. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Aliishi kwa kuchora na kuuza picha. Hata hivyo, alijitambulisha kuwa mwanahistoria, na dai hilo ndilo ambalo wengi waliomzunguka hawakulielewa. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba Tshibumba alieleweka visivyo kwa sababu picha zake zilitazamwa bila maneno yake, na kwamba maneno hayo yalikuwa ya Kiswahili.

Mchoraji na Soko Lake

Kiswahili kilifika Katanga kupitia biashara ya misafara na utawala wa Msiri, aliyetoka Unyamwezi, kisha kikaenea zaidi katika karne ya 20 migodi ya shaba ilipowakusanya wafanyakazi wa makabila mengi. Ni katika miji hiyo ya migodi ambamo soko la picha za kienyeji lilistawi katika miaka ya 1960 na 1970. Wachoraji walitumia kitambaa cha mifuko ya unga na rangi za bei nafuu, nao wenyeji walinunua picha hizo ili kuzitundika sebuleni.

Mada zilizopendwa zilikuwa chache na zilirudiwarudiwa. Mojawapo ni Mamba Muntu, kiumbe wa majini aliye nusu mwanamke na nusu samaki. Nyingine ilijulikana kama Colonie Belge: askari Mwafrika anamchapa mfungwa viboko huku ofisa Mbelgiji akitazama. Picha za aina hii wenyeji waliziita ukumbusho. Istilahi hii inastahili kuzingatiwa. Ukumbusho hapa si pambo, wala si kumbukumbu iliyokwisha kutulia moyoni. Ni kitu kinachomchochea mtazamaji akumbuke, kisha asimulie.

Tshibumba alizichora mada hizi kama wenzake, kwa kuwa ndizo zilizompatia riziki. Lakini aliona kwamba ukumbusho mmoja mmoja hautoshi. Alitaka kuiunganisha mikasa yote iwe historia moja yenye mwanzo na mwendelezo. Mnunuzi wa kawaida hakuhitaji historia nzima ukutani. Alihitaji picha moja. Hapo ndipo upweke wake ulipoanzia. Haukuwa upweke wa kukosa jamaa, bali wa kubeba mradi usio na mnunuzi wala chuo cha kuupokea.

Historia Iliyosimuliwa kwa Kiswahili

Mwishoni mwa mwaka wa 1973, Tshibumba alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyekuwa akifundisha Lubumbashi. Kutokana na makutano hayo, mchoraji alipata fursa ya kuitekeleza azma yake. Katika kipindi cha 1973 na 1974 alichora picha zipatazo 100, kuanzia enzi za kabla ya ukoloni, kufika kwa Mreno Diogo Cão, kuuawa kwa Msiri mwaka wa 1891 na kupigwa risasi kwa wafanyakazi wa migodi waliogoma mwaka wa 1941, hadi uhuru wa 1960 na utawala wa Mobutu. Picha za mwisho zinautazama wakati ujao. Kila alipoleta picha, aliisimulia, akaulizwa maswali, na mazungumzo yakarekodiwa.

Masimulizi hayo yalikuwa katika Kiswahili cha Katanga, ambacho hutumia kiambishi ba- pale ambapo Kiswahili sanifu hutumia wa-, na ambacho huchanganya msamiati wa Kifaransa bila haya. Msomi aliyezoea Kiswahili sanifu huenda akaiona lugha hiyo kuwa imeharibika. Hata hivyo, ndiyo lugha ambayo Tshibumba aliitumia kupima ushahidi, kutofautisha alichokiona na alichokisikia, na kutetea tafsiri yake.

Kinyume na masimulizi hayo, maandishi yaliyo kwenye picha zenyewe ni ya Kifaransa. Anayezitazama bila kusikia mazungumzo anaweza kudhani kwamba Kiswahili hakikuwapo kabisa katika kazi hii.

Damu Iliyoandika

Mfano bora ni picha ya kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Tshibumba anawaonyesha watatu hao wakiwa wamelala chini, na nyuma yao misalaba mitatu. Damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja.

Mhakiki anayetafuta taarifa ya tukio atasema kwamba hapakuwa na misalaba mahali pale. Hoja hiyo ni sahihi, lakini inapotoka. Tshibumba hakuwa akiripoti namna Lumumba alivyokufa; alikuwa akifasiri maana ya kifo hicho kwa taswira ambayo Wakristo wa mjini mwake wangeitambua mara moja. Aidha, mwili wa Lumumba uliharibiwa kwa tindikali, hivyo hapakuwa na kaburi. Jino lake, ambalo ni sehemu pekee ya mwili iliyosalia, lilirejeshwa na Ubelgiji mwaka wa 2022. Kwa takriban nusu karne tangu ilipochorwa, picha kama hii ilisimama mahali pa kaburi.

Kutoweka na Urithi

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tshibumba hakuonekana tena. Kaburi lake halijulikani, kama lilivyokosekana la Lumumba aliyemchora. Kazi yake, hata hivyo, ilisalia. Fabian alichapisha kitabu kuihusu mwaka wa 1996, na matini ya Kiswahili ya mazungumzo yao ilitolewa baadaye kwa ajili ya watafiti. Picha zenyewe zilihifadhiwa Amsterdam, na mwaka wa 2017 zilionyeshwa katika maonyesho ya documenta 14.

Hitimisho

Tshibumba sasa anatambuliwa na wanahistoria wa sanaa na wanaanthropolojia. Wanaosalia kumtambua ni wanafunzi wa Kiswahili, ambao ndio wenye uwezo wa kumsoma bila mkalimani. Masimulizi yake yanafaa kuchunguzwa katika isimujamii, kwa upande wa lahaja na uchanganyaji wa ndimi. Katika fasihi simulizi, kwa upande wa usimulizi unaotegemea picha. Na katika tafsiri. La kuamuliwa ni iwapo taaluma ya Kiswahili itaendelea kukiona Kiswahili cha Katanga kuwa kasoro ya kusahihishwa. Ikiwa hivyo, mchoraji aliyeishi bila kueleweka na wanunuzi wake ataendelea kutoeleweka na wasemaji wa lugha yake mwenyewe.