Kijana Mkristo na Wajibu wa Raia

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya juma hili: Yer. 29:4–10, Kut. 23:1–8, Dan. 6:1–10, Mt. 22:15–22, Rum. 13:1–7; Mdo. 5:27–29, 16:35–39.

Fungu la kukariri: Yeremia 29:7.

Vijana wa kanisani wakiulizwa raia mwema ni nani, majibu hutofautiana. Wapo wasemao ni yule asiye na kesi: anatii, analipa kodi, anaingojea mbingu. Wapo wasemao ni yule anayesema kweli mbele ya wakubwa, hata ikimgharimu. Na wapo waliokwisha kukata tamaa: kura moja itabadilisha nini? Wazee huwasifu wa kwanza na kuwaonya wa pili. Wa tatu, mara nyingi, hakuna anayewasikiliza. Neno la Mungu lina ujumbe kwa wote watatu.

JUMAPILI: Barua kwa Waliohamishwa

Soma Yeremia 29:4–10. Mungu aliwaagiza watu wake wafanye nini katika nchi ya ugeni?

Nabii wa uongo alitangaza kwamba baada ya miaka miwili mambo yangekwisha (Yer. 28:3). Kwa nini basi mtu ajenge? Yeremia aliwaandikia kuwa ni miaka 70. Wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, na wautafutie heri mji ule. Mji wenyewe ulikuwa Babeli, uliowateka. Kama mateka waliagizwa kuuombea mji wa adui, kijana aliyezaliwa na kulelewa katika mtaa wake atajitetea vipi akisema mambo ya mtaa hayamhusu? Tumaini la kurudi nyumbani halikuwaondolea jembe mkononi.

JUMATATU: Usiufuate Umati

Soma Kutoka 23:1–8. Ni makosa gani yanayotajwa hapa, na ni yapi yanayowanasa vijana zaidi?

Wakati wa kampeni kijana hupewa fulana, kofia na pesa ya soda, kisha huambiwa nani wa kumzomea. Habari isiyothibitishwa huingia kwenye simu yake, naye huisambaza kabla ya kuuliza kama ni kweli. Mtu huitiwa mwizi barabarani, na mawe huokotwa kabla polisi hawajafika. Katika kila tukio umati humwambia kwamba hayuko peke yake. Lakini Mungu humhesabia kila mtu jiwe lake. Sheria hiyohiyo inakataza rushwa, kwa kuwa humpofusha hata mwenye macho mazuri.

JUMANNE: Mwaminifu Katika Mambo ya Watu

Soma Danieli 6:1–5. Adui za Danieli walitafuta kosa wapi kwanza?

Walichunguza kazi yake ya serikali kabla ya kugusa ibada yake, wasione neno. Je, vitabu vya kijana wa leo vingestahimili uchunguzi huo?

Katika Tanzania, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mapato na matumizi hupaswa kusomwa hapo. Umri huohuo humpa raia haki ya kupiga kura. Vijana wengi hulalamikia fedha za kijiji kijiweni, lakini siku ya mkutano viti vyao viko wazi. Anayeuliza kwa adabu, akiwa amesoma hesabu, hufanya zaidi ya anayelaani akiwa mbali.

JUMATANO: Kaisari na Mungu

Soma Mathayo 22:15–22. Warumi 13:1–7 na Matendo 5:27–29. Utii kwa mamlaka unaishia wapi?

Paulo aliyeandika Warumi 13 ndiye aliyedai haki yake ya uraia kule Filipi (Mdo. 16:37). Kutii hakumaanishi kunyamazia uonevu, wala kudai haki si uasi.

Mwaka 1942 Desmond Doss, kijana Mwadventista wa Marekani, aliingia jeshini, ingawa kazi yake katika kiwanda cha meli ingeweza kumpa ruhusa ya kubaki nyumbani. Alikataa kushika bunduki, akaomba kuitunza Sabato. Wenzake walimdhihaki. Mwaka 1945, katika kisiwa cha Okinawa, mhudumu huyo wa majeruhi alibaki juu ya genge na kuwashusha kwa kamba watu wapatao 75, mmoja mmoja. Dhamiri yake ilimnyima silaha, lakini haikumpa likizo.

ALHAMISI: Jumamosi ya Usafi

Mahali pengi Tanzania, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi. Majirani huzibua mitaro huku Mwadventista akipita na Biblia, amevaa suti. Yeye anajua ni Sabato. Wao wanaona mtu asiyetaka kuchafuka.

Kuitunza Sabato ni haki, wala hapaswi kuiacha. Lakini anaweza kwenda mapema kwa mwenyekiti wa mtaa, aeleze imani yake, aombe kipande chake cha mtaro, akisafishe Jumapili asubuhi pamoja na vijana wenzake. Bila jembe la Jumapili, Sabato itaonekana kuwa kisingizio tu.

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Kati ya makundi matatu ya vijana yaliyotajwa mwanzoni, wewe uko katika lipi? Ni fungu gani la juma hili linalokusahihisha?

2. Kijana asiye na kazi anapewa fedha na mgombea, na nyumbani hakuna unga. Darasa litamshauri nini, na litamsaidia vipi?

3. Kanisa linaweza kuwafundisha vijana wajibu wa raia bila kuegemea chama chochote. Kwa njia gani?

4. Ni mtaro gani, kisima gani au mkutano gani katika mtaa wenu unaolingoja darasa hili? Chagueni siku kabla ya kuomba na kutawanyika.