Madeni Yanayobaki Baada ya Kuhama: Ujira wa Wakili na Kodi ya Kaunti



Mtu akinunua nyumba akahamia, majirani humjia kwa hongera, watu hualikwa wakala wakaomba dua, naye mwenyewe huona kuwa kazi imekwisha. Wengine hutoa fedha nyingi kwa karamu ya kuingia nyumba, hali hisabu ya wakili imo ndani ya bahasha, haijafunguliwa. Tumeona ni wajibu wetu kuyaeleza madeni mawili ambayo watu wengi huyaacha nyuma wanapohama: ujira wa wakili aliyeandika mkataba, na kodi ya ardhi inayolipwa kaunti, ambayo watu wa mjini huiita reti. Tuseme tangu mwanzo: kuhama hakujakamilika mpaka kila deni lijulikane ni la nani, na mwenyewe alilipe.

Deni la kwanza: ujira wa wakili

Wako wanaosema, "Wakili amefanya nini? Ameketi kitini akaandika karatasi tatu." Maneno haya hayana insafu. Wakili amelipekua daftari la ardhi kuhakikisha kuwa anayeuza ndiye mwenye mali na kwamba nyumba haikuwekwa rehani; ameandika mkataba; amefuata vyeti; amelipa ushuru; na amesimamia usajili mpaka hati ikatoka kwa jina lako. Kazi ya kalamu ni kazi kama ya mwashi na seremala. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kumpa mfanya kazi ujira wake upesi, kabla jasho lake halijakauka. Hakumtoa katika amri hiyo yule ambaye jasho lake halionekani.

Lakini ni haki ya mlipaji kujua analipa nini. Hisabu ya wakili huwa na mafungu mawili, na ugomvi mwingi hutokana na kutoyatenganisha.

Fungu la kwanza ni ujira wake mwenyewe. Katika Kenya ujira wa kazi ya kuuziana nyumba una kipimo kilichowekwa kisharia kwa kufuata thamani ya mali, na wakili haruhusiwi kushuka chini ya kipimo hicho ili awavute wateja wa wenzake. Juu ya ujira huo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16.

Fungu la pili ni fedha alizozitoa kwa niaba yako, nazo hazimwingii mfukoni. Kubwa kabisa ni ushuru wa stempu, ambao humlazimu mnunuzi: asilimia 4 ya thamani ikiwa mali iko mjini, na asilimia 2 ikiwa iko mashamba. Tuseme nyumba iliyo mjini imethaminiwa shilingi 6,000,000. Basi ushuru wake ni shilingi 240,000, na zote huenda serikalini. Mtu anayeiona jumla ya hisabu akapiga kelele kuwa wakili amemla, na huku sehemu kubwa ya fedha hizo ni ushuru wa serikali, amemdhulumu mwenzake kwa ulimi.

Je, ukiona ujira wenyewe umepita kiasi? Usinyamaze, wala usijifiche. Mwandikie wakili umtake akupe hisabu iliyofafanuliwa kitu kwa kitu. Msiposikilizana, sharia imekupa njia: hisabu hupelekwa mahakamani ikapimwa na ofisa mwenye kazi hiyo, naye huyakata yasiyostahili. Vilevile wakili hawezi kukushitaki kwa ujira wake mpaka upite mwezi mmodi tangu alipokuletea hisabu iliyotiwa sahihi. Mwezi huo umewekwa ili watu waulizane na walipane. Na ujue kuwa wakili ambaye hajalipwa anaweza kuzizuia karatasi zako alizo nazo. Huenda basi ukakaa ndani ya nyumba yako na hati ikawa kwake.

Deni la pili: kodi ya ardhi

Zamani kodi hii ililipwa manispaa au baraza la mji. Tangu mwaka 2013, zilipoanza serikali za kaunti, hulipwa kaunti, nayo ndiyo iliyopewa na Katiba ya 2010 haki ya kutoza kodi ya mali isiyohamishika. Tusiichanganye na kodi nyingine inayolipwa Serikali Kuu kwa ardhi ya kukodi kwa miaka maalumu. Mwenye ardhi ya namna hiyo huenda akawa na madeni yote mawili, na kulipa moja hakuliondoi la pili.

Jambo ambalo kila mtu inafaa alijue ni hili: deni la kaunti huifuata ardhi. Aliyeuza akahamia mji mwingine hakulichukua deni pamoja na vitanda na makabati. Limebaki pale pale, na nyongeza ya kuchelewa huzidi kulikuza. Kwa sababu hii mnunuzi na atake kuonyeshwa cheti cha kaunti kuwa kodi imelipwa kabla mauzo hayajaandikishwa. Kukipata cheti hicho, kwa desturi, ni juu ya muuzaji, kama vile ilivyo juu yake kodi ya faida aliyoipata katika mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida hiyo.

Basi mwaka ule wa kuhama hugawanywa vipi? Hisabu yake ni nyepesi. Chukueni siku ya kukabidhiana nyumba kuwa ndiyo mpaka. Tuseme kodi ya mwaka ni shilingi 12,000, na nyumba imekabidhiwa tarehe 1 Oktoba. Muuzaji amekaa miezi tisa; juu yake ni shilingi 9,000. Miezi mitatu iliyobaki ni ya mnunuzi. Juu yake ni shilingi 3,000. Ikiwa muuzaji alikwisha kulipa mwaka mzima ili apate cheti, mnunuzi amrejeshee shilingi 3,000 zake, wala asizifanye zawadi ambayo hakupewa. Haya na yaandikwe ndani ya mkataba. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuyaandika madeni katika aya ndefu kuliko zote za Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqara. Vipi basi tunaandikiana nyumba ya mamilioni na kuiacha kodi yake katika maneno ya mdomo?

Khasa katika Mombasa ziko nyumba ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi. Anayenunua nyumba ya namna hii amenunua kuta na paa, na kodi ya kiwanja ataendelea kumlipa mwenye ardhi. Asitoe fedha kabla hajaonyeshwa stakabadhi za kodi hiyo na kabla mwenye ardhi hajaliandika jina lake. Ama reti, hiyo kwa asili ni ya mwenye ardhi, ila wakiwa wameandikiana vingine.

Masuala mawili

Watu huuliza: Je, muuzaji akinyamaza juu ya deni la kaunti, ana makosa? Tunajibu: ndiyo, ana makosa. Nyumba yenye deni ni bidhaa yenye aibu, na kuificha aibu ya bidhaa ni khiyana, awe mnunuzi ameuliza au hakuuliza.

Na wengine husema: "Taka hazizolewi, mitaro imeziba, barabara ni mashimo, kwa nini tulipe?" Malalamiko haya huenda yakawa ya kweli, na mahali pake ni katika mikutano ambayo kaunti inalazimika kuiita ili wananchi waseme juu ya matumizi ya fedha zao. Huko wengi wetu hatuonekani. Lakini kuacha kulipa hakumwumizi ofisa yeyote. Hukuumiza wewe, na baada yako watoto wako. Ukifa, deni hutangulia mirathi kama ilivyo katika Suratun-Nisaa, na mayatima wako watakapotaka kuigawa nyumba watakuta deni la miaka mingi, na nyongeza imelipita deni la asili. Mara kwa mara kaunti hutangaza msamaha wa nyongeza kwa wanaolimaliza deni lenyewe katika muda maalumu. Mwenye shida na autumie. Ama mwenye uwezo anayekaa akiungoja msamaha, huyo na akumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) amekuita kuchelewesha kwa mwenye nacho kuwa ni dhulma.

Asiye na uwezo hana haja ya kukimbia. Na aende kwa wakili, na aende ofisi ya kodi, aombe kulipa kidogo kidogo, na apewe makubaliano hayo kwa maandishi. Na wewe unayedai, ukimwona mdeni wako amekwama kweli, mpe muhula. Hiyo nayo ni amri ya Qur'ani.

Mambo ya kufanya

Kwanza, kabla ya kazi kuanza, mwombe wakili akuandikie ujira wake na gharama zote mbalimbali. Pili, tieni katika mkataba siku ya kugawana kodi. Tatu, kitazame cheti cha kaunti kimefika mpaka tarehe gani, kwani siku zilizo baada ya tarehe hiyo hakizisemi. Nne, hati ikitoka, chukua nakala uende ofisi ya kaunti, jina la mlipaji libadilishwe. Usipofanya hivyo hisabu zitazidi kwenda kwa mwenye nyumba wa zamani, na wewe utasema hukuletewa. Tano, weka stakabadhi zote pamoja na hati, na mwonyeshe mkeo au mtoto wako mkubwa zilipo.

Mwisho, ndugu yetu uliyehamia mwaka huu au mwaka uliopita: ifungue bahasha ile. Uliza unachokitilia shaka, na kilicho haki kilipe, ili nyumba uliyoipata kwa mali ya halali ikae mikononi mwako bila ya haki ya mtu ndani yake. Mwenyezi Mungu atuwafikishe sisi na nyinyi kutimiza ahadi zetu.