Upasuaji wa tumbo si safari ya kufuata mzigo

Mama S. wa Tabata,

Pole, mwanangu, kwa yaliyokukuta harusini. Mwanamke aliyezaa watoto watatu, wawili kwa kisu, akiulizwa mbele za watu mimba imefikisha miezi mingapi, na mimba hana, lazima roho imuume. Sitakuambia una tamaa. Mwili ni wako, na hela umeitafuta mwenyewe pale Kariakoo.

Ila kuna jambo katika mpango wako linanitisha kuliko kisu chenyewe. Unataka kumuaga mume wako kwamba unafuata mzigo Istanbul, ukazwe tumbo huko, na siku ya saba urudi na mabegi ya nguo kama kawaida.

Kinachofanyika mezani

Upasuaji huu hautibu unene. Daktari anachana chini ya tumbo, karibu nyonga hadi nyonga, anaondoa ngozi iliyolegea pamoja na mafuta yake, anaikaza kwa nyuzi misuli iliyoachana wakati wa mimba, kisha anakipa kitovu tundu jipya. Ni nusu kaputi, na kazi huchukua saa mbili hadi tano. Michirizi mingi ya chini ya kitovu huondoka na ngozi ile. Ya juu utabaki nayo. Mafuta yaliyojificha ndani, kuzunguka utumbo, hayaguswi. Hayo yatapungua ukipungua uzito tu.

Kovu ni la maisha. Huchukua mwaka na zaidi kufifia, na kwa ngozi zetu huweza kuvimba likawa gumu na la kuwasha. Litazame kovu la uzazi: kama lilifanya hivyo, mwambie daktari mapema kabisa. Chini ya kitovu unaweza kukaa na ganzi miezi mingi.

Mtoto wa nne

Umegusia kwamba baba watoto anataka wa nne, na wewe hujakataa. Basi subiri. Mimba nyingine itavuta upya ngozi na misuli iliyokazwa, na hela itakuwa imekwenda bure.

Wakati unasubiri, lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, upapase katikati ya tumbo. Ukihisi bonde la vidole viwili au zaidi, misuli imeachana. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza kukusaidia hapo. Ngozi haitarudi, lakini wapo walioridhika na hatua hiyo wakaishia hapo.

Wiki ambazo hukuzipigia hesabu

Barua yako ina bei ya hospitali, tiketi na hoteli. Haina mtu wa kukuuguza.

Siku za mwanzo utatembea umeinama, maana ukinyooka mshono unavuta. Kuna uwezekano ukatoka na mirija tumboni ya kuchuruzisha majimaji, na majimaji hayo hupimwa kila siku. Utavaa mkanda wa kubana mchana na usiku, mara nyingi wiki sita. Muda huohuo ni marufuku kuinua kitu kizito: ndoo ya maji, begi la mzigo, hata huyo mwanao mdogo wa miaka miwili atakayekukimbilia mlangoni umbebe. Utamwambia nini baba yake anayelala kitanda kimoja nawe? Mshono wa nyonga hadi nyonga hausitiriwi na khanga.

Sasa nisikilize vizuri. Baada ya upasuaji mkubwa damu inaweza kuganda mguuni, bonge likapanda hadi kwenye mapafu, na hilo linaua. Kukaa bila kujongea kunaongeza hatari, na ndege ya Istanbul ni kama saa saba kitini. Waingereza wanaokwenda Uturuki kwa upasuaji kama huu hushauriwa wakae siku 7 hadi 10 kabla ya kupanda ndege, na safari yao ni fupi kuliko yako. Vidonge vya uzazi wa mpango unavyomeza navyo vinaweza kuchangia, kwa hiyo usimfiche daktari. Na hiyo shisha ya wikendi iache wiki kadhaa kabla na baada, kwa sababu moshi huinyima ngozi damu na kidonda kinaweza kuoza.

Wapi, na kwa nani

Sisemi madaktari wa Uturuki ni wabaya. Ninachosema ni kwamba kidonda kikitoa usaha wiki ya tatu, aliyekichana yuko mbali. Anza kwa kuwaona madaktari wa upasuaji rekebishi hapa Dar es Salaam. Muhimbili Mloganzila wapo. Ukipelekwa kliniki binafsi, hakikisha jina la daktari limesajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika na uulize kama wana chumba cha wagonjwa mahututi. Mwaka 2024 mwanamke alifariki Nairobi baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki ya urembo. Kuuliza si kumkosea daktari adabu.

Ninachotaka ufanye

Safari hii nenda kafuate mzigo tu. Ukirudi, kaa na mume wako umwambie yote, pamoja na yale ya harusini. Huombi ruhusa ya mwili wako. Unamwambia mtu atakayekuuguza. Akikuambia anakupenda hivyo ulivyo, pima kama ulitaka tumbo jipya au ulitaka kusikia hilo. Ikiwa bado unataka, nakubali, lakini mliongelee suala la mtoto wa nne, uzito wako ukae palepale kwa miezi kadhaa, na dada yako au mama aje akae nawe.

Na siku utakapofanyiwa, popote pale, mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana au pumzi ikikata, usiulize WhatsApp wala usisubiri kukuche. Nenda hospitali saa hiyohiyo.