Ukaguzi wa Diski Kuu ya Tarakilishi: Somo kwa Mtafiti wa Kiswahili Nyanjani, kwa Kurejelea Eneo la Bahati, Nakuru

Utangulizi

Bahati ni eneo lililoko kaskazini-mashariki mwa jiji la Nakuru, kando ya barabara iendayo Subukia na Nyahururu. Wakati wa ukoloni, sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru wa 1963, ardhi hiyo ilikaliwa na watu waliotoka sehemu mbalimbali za nchi. Kiswahili huko huishi bega kwa bega na Kikuyu na lugha nyinginezo, na kwa hivyo eneo hili lina mengi ya kumfaa mwanafunzi wa isimujamii au wa fasihi simulizi.

Mwanafunzi wa aina hiyo huenda nyanjani akiwa na kinasa sauti, na jioni huhamishia hojaji na masimulizi katika tarakilishi yake. Tangu hapo, kazi yake yote hutegemea kifaa kimoja kidogo kilichofichika ndani ya mashine. Tasnifu iliyopotea huweza kuandikwa upya kwa taabu. Sauti ya mzee aliyekwisha kufariki haiwezi kunaswa tena. Makala haya yanaeleza jinsi kifaa hicho kinavyokaguliwa, na kwa nini mpangilio wa hatua za ukaguzi ni muhimu kuliko ukaguzi wenyewe.

Ufafanuzi wa Istilahi

Kifaa kinachozungumziwa hujulikana kwa majina mawili, diski ngumu na diski kuu. Jina la kwanza limetokana na umbo: sahani zake ni ngumu, tofauti na diski laini za zamani zilizoweza kupindika. Jina la pili limetokana na kazi, kwani ndicho ghala kuu la tarakilishi. Makala haya yanatumia diski kuu kwa sababu tarakilishi nyingi za leo zina hifadhi isiyo na sahani yoyote, na sifa ya ugumu haina maana tena huko.

Istilahi nyingine mbili zinazopaswa kutenganishwa ni kosa na ubovu. Kosa ni kuvurugika kwa kumbukumbu zinazoeleza kila faili imehifadhiwa wapi. Mfano wake ni maktaba ambayo vitabu vyake ni vizima lakini kadi za orodha zimechanganyika. Ubovu ni kuharibika kwa diski yenyewe, yaani kitabu kimeliwa na mchwa. Kosa hurekebishwa. Ubovu haurekebishiki, bali hukimbiwa. Asiyetofautisha mambo haya mawili huweza kuimaliza diski kwa nia njema ya kuitibu.

Muundo wa Diski na Vyanzo vya Hitilafu

Diski kuu ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 na iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 hivi. Umbo limepungua mno tangu wakati huo, lakini kanuni ni ile ile. Sahani zilizopakwa utando wa sumaku huzunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Sahani hugawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, kila kimoja kikiwa na baiti 512 au 4,096. Saa moja ya sauti isiyobanwa, yenye ubora wa sidii, huchukua megabaiti 635 hivi, yaani zaidi ya sekta 155,000 za baiti 4,096. Sekta moja ikiharibika, sehemu ya masimulizi huweza kukatika.

Mazingira ya nyanjani huchangia hitilafu kwa njia tatu. Umeme ukikatika wakati tarakilishi ya mezani inaandika, kumbukumbu za faili huachwa nusu nusu na kosa huzaliwa. Tarakilishi ya mkononi ikiachwa inafanya kazi ndani ya matatu inayorukaruka, kichwa huweza kugusa sahani na kuleta ubovu. Vumbi nalo huziba feni na kupandisha joto. Si ajabu kwamba jina la Nakuru lenyewe huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi.

Hatua za Ukaguzi

Hatua ya kwanza ni kunakili. Kabla ya amri yoyote ya kukagua, faili zote muhimu zinakiliwe kwenye diski nyingine. Ukaguzi wa kina huisomesha diski kila sekta yake kwa saa nyingi, na diski iliyo mahututi huweza kufa katikati ya kazi hiyo.

Hatua ya pili ni kuiuliza diski hali yake. Diski nyingi zina utaratibu uitwao SMART unaoweka hesabu ya matatizo yake zenyewe. Programu kama CrystalDiskInfo katika Windows, au amri ya smartctl katika Linux, huonyesha hesabu hizo. Za kuangaliwa kwanza ni tatu: namba 5, sekta zilizokwisha kubadilishwa, namba 197, sekta zinazoshukiwa, na namba 198, sekta zilizoshindwa kusomeka. Hesabu hizi zikiwa juu ya sifuri na zikizidi kupanda, huo ni ubovu. Dalili ya mvua ni mawingu: diski hiyo ibadilishwe.

Hatua ya tatu ni kutafuta kosa bila kugusa kitu. Katika Windows, dirisha la amri hufunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, kisha huandikwa chkdsk D: ikiwa diski husika ni D. Amri hiyo pekee husoma na kutoa taarifa tu. Katika Linux, fsck -n hufanya kazi kama hiyo, ila sehemu inayokaguliwa isiwe inatumika wakati huo.

Hatua ya nne ni kurekebisha. Nyongeza ya /f huiamuru chkdsk kusahihisha makosa. Ile ya /r hufanya hivyo na pia hutafuta sekta mbovu na kujaribu kuokoa kinachosomeka. Kama diski ni ile yenye mfumo wenyewe, Windows huomba kazi ifanyike tarakilishi itakapowashwa tena. Chanzo cha umeme kiwe cha kutegemewa hadi mwisho. Vipande vilivyopotea huweza kuwekwa katika folda iitwayo FOUND.000 vikiwa na majina kama FILE0000.CHK. Jina la msimulizi, mahali na tarehe hutoweka. Kwa hivyo, mtafiti ataje mambo hayo kwa sauti mwanzoni mwa kila rekodi, ili faili ijitambulishe yenyewe.

Mipaka ya Ukaguzi

Mwaka 2007, watafiti wa kampuni ya Google walitoa matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja. Iligunduliwa kwamba baada ya diski kuonyesha kosa la kwanza la usomaji katika ukaguzi, uwezekano wa kufa katika siku 60 zilizofuata ulikuwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa hilo. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne kuu za SMART. Kwa maneno mengine, mawingu huonya, lakini mvua nyingine hunyesha jua likiwaka. Diski iliyofaulu ukaguzi haijapewa hati ya kuishi.

Hitimisho

Ukaguzi wa diski kuu ni sehemu ya mbinu za utafiti sawa na uteuzi wa sampuli. Mtafiti aliyeaminiwa na wazee wa Bahati amebeba amana yao, na amana haihifadhiwi mahali pamoja. Nakala moja ibaki katika tarakilishi, ya pili katika diski ya nje, na ya tatu mbali na hizo mbili, chuoni au kwa msimamizi wa utafiti. Bahati ni jina zuri la mahali pa kukusanyia data, lakini si njia ya kuitunzia.