Somo: Kikombe cha matunda kina uzito gani?

Ndugu msomaji, labda munganga amekuambia hivi: "Kwa kuwa una ugonjwa wa sukari, kula matunda gramu 100 tu kwa mara moja." Ukaitika, ukarudi nyumbani Mangobo au Lubunga, na nyumbani hakuna mizani. Hata katika soko la Makiso papai huuzwa moja moja, na ndizi kwa kichana. Utapimaje basi?

Chukua chupa ya plastiki iliyoandikwa lita 1. Maji yake yana uzito wa kilo 1. Yamimine katika kikombe chako, ukihesabu. Yakijaza vikombe 4, kikombe chako ni cha mililita 250, nayo maji yake ni gramu 250. Yakijaza 5, ni cha 200. Fanya hivi kwanza, maana vikombe havilingani.

Lakini matunda si kama maji. Ukikata papai, kati ya vipande mna nafasi zenye hewa tu. Kwa hiyo kikombe cha mililita 250 huchukua vipande vya papai gramu 150 hivi. Vya nanasi au embe, 170 hivi. Ndizi iliyopondwa haiachi nafasi: kikombe kile kile huchukua gramu 235 hivi.

Hapa ndipo penye hatari kwa mgonjwa wa sukari. Katika gramu 100 za papai bivu mna wanga na sukari gramu 11 hivi. Katika ndizi, 23. Hesabu mwenyewe. Kikombe cha vipande vya papai kitakupa gramu 16 au 17. Kikombe cha ndizi iliyopondwa kitakupa 54. Imezidi mara 3, na kikombe ni kimoja! Makemba mabivu yapita hata ndizi. Basi gramu 100 za papai ni theluthi mbili za kikombe. Gramu 100 za ndizi iliyopondwa hazifiki nusu.

Wengine wakisikia haya huogopa, wakaacha matunda kabisa, kisha hula kwanga kubwa bila kuipima. Hilo si shauri letu. Kwanga nayo ni wanga.

Tena kumbuka maganda. Nanasi la kilo 1 likimenywa hubaki karibu nusu kilo. Papai na ndizi hubaki karibu theluthi mbili.

Ukitaka kuhakikisha, tengeneza mizani. Funga fimbo iliyonyoka kwa kamba katikati, uitundike. Kila mwisho ning'iniza mfuko wa plastiki, yote miwili sawa. Katika mmoja tia maji mililita 100, yaani nusu ya kikombe cha 200, na mwingine tia matunda yaliyomenywa mpaka fimbo ilale sawa. Katika Walawi 19 watu wa Mungu waliagizwa kuwa na mizani ya haki. Nasi twaweza kuitumia jikoni pia, si sokoni tu. Ila kiasi chako wewe ni kile alichokupa munganga, wala si cha jirani.

Maswali
1. Kikombe cha nyumbani kwako ni cha mililita ngapi?
2. Kwa nini ndizi iliyopondwa ni nzito kuliko iliyokatwa, katika kikombe kimoja?
3. Mama amenunua nanasi la kilo 2. Atapata vikombe vingapi vya vipande?